Mbolea ya Bwawa la Samaki: Tununue Ipi, Tutie Kiasi Gani

Mazungumzo kwa wafugaji wa samaki na wanunuzi wa pembejeo

 

Wengi wenu mmezoea kutusikia tukizungumzia mbolea ya mahindi, ya mpunga na ya mboga. Leo tumeombwa tuzungumzie mbolea ya majini. Ombi hili halikutushangaza, kwa sababu katika mikoa kama Ruvuma, Njombe, Iringa na Mbeya mabwawa madogo ya samaki yameongezeka nyuma ya nyumba za watu, na mwenye bwawa huenda katika duka lile lile la pembejeo analokwenda mwenye shamba. Hununua mfuko ule ule. Tofauti ni kwamba aliyekosea kipimo shambani huona majani yamegeuka manjano, akapata muda wa kujirekebisha. Aliyekosea kipimo bwawani huweza kuamka alfajiri akakuta samaki wote wameelea.

Tuanze na jambo ambalo tumegundua kwamba halieleweki vizuri. Mbolea si chakula cha samaki. Sato hali Urea, wala hali DAP. Tunapotia mbolea majini, tunalisha mwani, yaani mimea midogo mno ambayo jicho haliwezi kuuona mmoja mmoja, lakini ukiwa mwingi huyapa maji rangi ya kijani. Mwani huo huliwa na vijidudu vidogo vya majini, na sato, ambaye wengine mnamwita perege, hula vyote viwili, mwani na vijidudu. Kifaranga aliyetoka kituoni, iwe Kingolwira mkoani Morogoro au Ruhila pale Songea, akiingizwa katika bwawa ambalo maji yake yamekwisha kuwa ya kijani, hukuta meza imeandaliwa. Akiingizwa katika maji meupe kama ya kisima, atategemea pumba na chakula cha kununua tangu siku ya kwanza. Nanyi mnajua kuliko sisi bei ya chakula cha samaki ilivyo. Katika ufugaji huu ndicho kinachokula sehemu kubwa ya fedha. Kwa hiyo mbolea ya bwawa, ikitumiwa ipasavyo, ni njia ya kupunguza gharama hiyo.

Kutokana na hilo, mwaweza kuona wenyewe ni mabwawa gani yasiyohitaji mbolea. Anayefuga kambale kwa wingi katika tangi na kuwalisha chakula kamili hana haja nayo, kwa kuwa mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki hao tayari vinarutubisha maji kupita kiasi. Mwenye vizimba ziwani hatakiwi kabisa kutia mbolea katika ziwa, maana ziwa ni la wote. Na mwenye bwawa ambalo maji huingia upande huu na kutoka upande ule usiku na mchana, anapotia mbolea humrutubishia jirani aliye bondeni. Tumewahi kuletewa malalamiko kwamba mbolea fulani ni feki kwa sababu maji hayakubadilika rangi kwa mwezi mzima. Tulipofika tulikuta mfereji unapita katikati ya bwawa kama barabara. Mbolea ilikuwa nzima. Maji ya bwawa linalorutubishwa hutakiwa kutulia. Huongezwa tu kufidia yale yanayokaushwa na jua au kunywewa na udongo.

Vilevile maji yenye tope hayarutubishiki. Mwani huhitaji mwanga wa jua, na pale ambapo udongo umechafua maji yakawa na rangi ya chai ya maziwa, mwanga haupenyi. Pandeni nyasi juu ya kingo, zuieni maji ya mvua yasiingie moja kwa moja kutoka shambani, ndipo mfikirie mbolea. Na bwawa lenye kina kifupi, maji yakiwa chini ya kiuno cha mtu mzima, huota magugu kutoka chini. Mbolea yako itayanenepesha magugu hayo, na samaki watabaki vile vile.

Sasa tuseme juu ya udongo, kwa kuwa hapa ndipo fedha nyingi hupotea bila mtu kujua. Sehemu kubwa ya ardhi ya Nyanda za Juu Kusini, yenye mvua nyingi na udongo mwekundu, ina tindikali. Katika bwawa la udongo wa namna hiyo, fosforasi mnayoinunua kwa bei ghali hushikwa na tope la chini, na mwani hauipati. Dawa yake ni chokaa ya kilimo. Bwawa likiwa limekaushwa, mtamwaga chokaa na kuisambaza sakafuni na kwenye kingo za ndani. Kiasi hutegemea udongo ulivyo, ila kwa udongo wa tindikali mara nyingi huwa kati ya kilo 10 na 20 kwa kila mita 100 za mraba. Mwombeni afisa uvuvi au afisa ugani apime kwanza. Kisha ngojeni wiki moja hadi mbili kabla ya kutia mbolea, kwa sababu chokaa na mbolea ya fosforasi zikikutana mapema hushikana, na zote mbili zinakuwa hasara.

Hapo tunaomba msikilize kwa makini zaidi. Dukani zipo chokaa za namna nyingi. Ile inayopakwa ukutani, na ile ya moto inayochemka ikiguswa na maji, ni kali. Hupandisha ukali wa maji ghafla na huua samaki. Ikibidi kutumiwa, hutumiwa katika bwawa tupu lisilo na samaki, na mtumiaji alinde macho na mikono yake. Mkienda dukani msiseme tu "nipe chokaa". Semeni chokaa ya kilimo, na msome mfukoni.

Kuhusu kusoma mfuko, tunajua kwamba tarakimu zile tatu huwachosha watu, lakini ndizo zinazowaambia mnanunua nini. Tarakimu ya kwanza ni naitrojeni, ya pili ni fosfeti, ya tatu ni potashi, kila moja ikihesabiwa kwa asilimia ya uzito. DAP imeandikwa 18-46-0. Maana yake ni kwamba mfuko wa kilo 50 una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti, na hauna potashi. Urea imeandikwa 46-0-0, yaani mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni peke yake. Bwawa huhitaji zaidi hivyo viwili vya kwanza, na hasa fosforasi, ambayo ndiyo hupungua mapema katika maji. Potashi kwa kawaida haihitajiki. Kwa hiyo mkulima wa tumbaku aliyebakiwa na NPK 10-18-24 asidhani amepata mbolea nzuri ya samaki kwa sababu ina vitu vitatu. Ile 24 ya mwisho, ambayo ameilipia, haitamsaidia bwawani. Tumeulizwa pia juu ya fosfeti ya mwamba, kama ile inayochimbwa Minjingu mkoani Manyara. Huyeyuka polepole na hufanya kazi vizuri zaidi katika udongo wenye tindikali. Mahali pake hasa ni shambani, na anayetaka maji yabadilike rangi katika siku chache atangoja sana.

Tufanye hesabu pamoja. Tuchukue bwawa la mita 300 za mraba, yaani mita 15 kwa 20. Kipimo kinachotumiwa sana Afrika Mashariki ni gramu 2 za DAP na gramu 3 za Urea kwa kila mita moja ya mraba kwa wiki. Bwawa letu litahitaji gramu 600 za DAP na gramu 900 za Urea kila wiki. Kwa miezi sita, ambayo ni wiki 26, hiyo ni DAP kilo 15 na nusu hivi, na Urea kilo 23 na nusu hivi. Kwa maneno mengine, mfuko mmoja wa DAP wa kilo 50 unatosha mabwawa matatu ya ukubwa huo kwa msimu mzima, na mfuko wa Urea unatosha mawili.

Tunaileta hesabu hii kwa sababu maalumu. Mwenye bwawa moja anaona mfuko wa kilo 50 ni mkubwa na ghali, hivyo hununua kwa kisado au kwa kikopo kutoka mfuko uliokwisha kufunguliwa. Hapo ndipo hupoteza ulinzi wake wote. Hakuna lebo, hakuna uzito uliothibitishwa, hakuna tarehe, na hakuna anayeweza kusema kama ndani ya kikopo kile mmechanganywa chumvi au mchanga. Ikiwa wafugaji watatu wataungana, wakachanga, wakanunua mfuko mmoja uliofungwa, wakaupima na kuugawana kwa mizani mbele ya wote, bei ya kila kilo mara nyingi itakuwa nafuu na kila mmoja atajua alichopata. Au tafuteni mifuko midogo iliyofungwa kiwandani. Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009 inataka mbolea iuzwe na wafanyabiashara waliosajiliwa, na mnayo haki ya kuuliza leseni ya duka bila kuonekana wakorofi.

Mkipokea mfuko, tazameni mshono wake kama umeshonwa mara mbili. Someni jina la mbolea, tarakimu zake, uzito, mtengenezaji na namba ya toleo. Uwekeni mfuko kwenye mizani ya duka. Dai risiti yenye jina la mbolea na si neno "pembejeo" tu. Msiiamini rangi, maana DAP halali huweza kuwa ya kijivu, ya kahawia au nyeusi. Nyumbani mnaweza kufanya jaribio dogo la Urea: mtie kijiko katika glasi ya maji safi na kukoroga. Hupotea yote, na glasi hupoa mkononi. Kikibaki kitu kama mchanga chini, pana sababu ya kuuliza. Jaribio hili haliwezi kuchukua nafasi ya maabara, lakini huweza kuwaonya mapema.

Tukirudi bwawani, punje za DAP zikirushwa majini kama mtu apandaye ulezi, huzama kwenye tope na fosforasi yake hunaswa huko. Iloweke katika ndoo ya maji mengi usiku kucha, ikoroge asubuhi, kisha inyunyize juu ya maji pande zote, jua likiwa limepanda. Ndoo hiyo iwe ya kazi hiyo peke yake. Tunasisitiza, kwa kuwa dawa nyingi za kuulia wadudu shambani, na zile za kuogeshea ng'ombe zenye saipamethrini na jamii yake, ni sumu kali mno kwa samaki. Masalia katika pampu au ndoo yanatosha kuleta msiba. Kwa sababu hiyo hiyo, msichukue samadi kutoka zizi ambalo mifugo yake imenyunyiziwa dawa siku za karibuni.

Samadi ni nzuri, na kwa wengi wenu ndiyo iliyo karibu. Kinyesi kikavu cha kuku kina nguvu kuliko cha ng'ombe. Kipimo cha kawaida ni gramu 50 kwa kila mita ya mraba kwa wiki, yaani kilo 15 kwa bwawa letu la mita 300. Jengeni uzio wa fito katika pembe moja ya bwawa, muiweke humo ili isisambae ovyo, na muigeuze kila baada ya siku chache. Anayetumia samadi pamoja na mbolea ya dukani apunguze zote mbili nusu kwa nusu. Kinyesi cha binadamu kisitumiwe kamwe.

Hapa inafaa tuwaeleze jambo lililokipata kikundi kimoja cha kina mama, ambao hatutawataja. Walikuwa na bwawa lao la mita 300, samaki wa miezi mitano, na tayari walikuwa wamekubaliana kwamba mauzo yatalipa ada za watoto mwezi Julai. Mtu aliwaambia samaki wao ni wadogo, waongeze mbolea. Siku moja ya masika wakatia viroba viwili vya kinyesi cha kuku na kilo 5 za Urea kwa mkupuo. Maji yakawa ya kijani kizito kama uji wa mlenda, wakafurahi. Zikafuata siku tatu za mawingu. Alfajiri ya siku ya nne samaki walikuwa wanatweta juu ya maji, na hadi jua kuchomoza wengi walikuwa wamekufa. Walitujia na mfuko wa Urea wakidai ulikuwa na sumu. Mfuko haukuwa na kasoro yoyote.

Kilichotokea ni hiki. Mchana, penye jua, mwani hutengeneza oksijeni na samaki huipumua majini. Usiku mwani wenyewe huvuta oksijeni ile ile, na samadi inayooza huvuta zaidi. Mwani ukizidi, ghala la usiku huisha kabla ya kupambazuka. Siku za mawingu hazijazi ghala hilo hata mchana. Juu ya hayo, Urea nyingi huzalisha amonia, na katika maji ya kijani kizito amonia huwa kali zaidi saa za alasiri. Kwa hiyo kilo 5 zilizotiwa siku moja hazilingani na gramu 900 zinazotiwa kwa wiki tano na nusu, hata kama jumla ni ile ile.

Kina mama wale wangeokoa bwawa lao kwa kipimo ambacho hakiuzwi. Chukueni mfuniko wa kopo la rangi, upakeni rangi nyeupe, uupigilieni kwenye ncha ya fito iliyotiwa alama kila sentimita 10. Kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, jua likiwaka, uzamisheni polepole hadi usionekane. Ukipotea kwenye sentimita 25 hadi 40, maji ni mazuri. Endeleeni na kipimo cha kawaida. Ukionekana chini zaidi ya hapo, maji bado ni maskini. Ukipotea kabla ya sentimita 20, acheni mbolea yote hadi maji yapungue ukijani. Asiye na mfuniko atumie mkono wake: auzamishe hadi kwenye kiwiko, na kiganja kikianza kufifia, mambo ni sawa. Hakikisheni tu kwamba kinachoficha kiganja ni ukijani na si tope. Kipimo hiki kifanywe kila kabla ya kutia mbolea. Bwawa ndilo linaloamua, na kalenda hufuata. Wakati wa masika na katika wiki za baridi ya Juni na Julai, hasa Njombe, ambapo maji hupoa na sato hula kidogo sana, ni busara kupunguza au kuacha kabisa.

Na kama mkikuta samaki wanatweta alfajiri, msitie chochote, wala chakula. Fungueni maji mapya yaingie kwa kurushwa kutoka juu, toeni yale ya chini ikiwa bwawa lina bomba, na yapigeni maji kwa ndoo hadi jua litoke.

Kabla ya kuweka vifaranga, jazeni bwawa, tieni mbolea, mngoje siku 7 hadi 14 maji yapate rangi. Idadi ya samaki wawili au watatu kwa mita ya mraba inatosha kwa bwawa linalotegemea mbolea na pumba. Wakizidi, kijani kitaliwa chote na mtalaumu mbolea.

Limebaki swali la walaji, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini sokoni: je, samaki wa bwawa la samadi ni salama? Samaki aliyefugwa kwa utaratibu tuliousema ni chakula kizuri. Mfugaji aache kutia samadi wiki moja au mbili kabla ya kuvua. Samaki wenye harufu ya tope wawekwe katika maji safi yanayopita kwa siku kadhaa bila kulishwa, na harufu hiyo itapungua. Mlaji naye atoe matumbo mapema, aoshe kwa maji safi, ampike hadi aive kabisa.

Mbolea inayobaki ihifadhiwe juu ya chaga, mbali na ukuta wenye unyevu, mbali na unga na watoto. Urea hunyonya unyevu na kuganda. Mfunge mdomo wa mfuko kila mnapochota. Nanyi mkiwa na shaka na mfuko wowote, msiumalize wala msiutupe. Wekeni kilo moja au mbili zilizobaki ndani ya mfuko ule ule wenye lebo, pamoja na risiti, na mwandike siku mliyotia, kiasi mlichotia, na hali ya hewa ilivyokuwa. Pelekeni kwa afisa ugani wa kata au mlete ofisini kwetu. Bila lebo na risiti tunaweza kuwapa pole, lakini hatuwezi kumfikia aliyewauzia.